Ziwa Halitaki Masizi

Nilipokuwa mtoto kando ya Ziwa Kitangiri, hakuna aliyethubutu kuchovya sufuria yenye masizi kwenye maji ya ziwa. Tulizikwangua nyumbani kwa majivu na gunzi, maji meusi tukayamwaga nyuma ya zizi. Bibi, mama yake baba, alisema ziwa lina mwenyewe, na mwenyewe huyo hapendi uchafu wa jikoni. Ukimpelekea masizi anakurudisha ulikotoka. Niliamini kabisa, na sioni aibu kusema hivyo.

Baba alikuwa na boti ya mashine, akiringa nayo kuliko ng'ombe wake. Wavuvi wenzake walimwambia mashine ni kama mtu, haiendi safari ndefu na njaa. Basi kila safari ikiwa ya mbali, alizidisha oili inayochanganywa kwenye petroli. Moshi ulifunika boti nzima, naye akasema hiyo ndiyo nguvu yenyewe.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi mama alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya. Mkunga alisema awahishwe hospitali Kiomboi. Barabara ya upande wetu ilikuwa imekatika, gari lilikuwa linatusubiri ng'ambo. Tulimlaza mama kwenye boti, kichwa kwenye mapaja ya bibi, mimi nikamshika mkono. Niliogopa sana kwamba atakufa.

Baba alipowasha, bibi aliutazama ule moshi.

"Mwanangu, unapeleka masizi ziwani."

"Mama, hii ni mashine, si sufuria."

Tulipofika katikati, mashine ilianza kutetemeka, ikakohoa, ikazima. Upepo ukatusukuma taratibu kuelekea kijijini. Niliona kwa macho yangu ziwa likiturudisha, na hakuna mtu angeniambia vinginevyo.

Baba alivuta kamba ya kuwashia tena na tena. Mama aliguna, akanibana vidole.

"Acha kuivuta," bibi akasema. "Fungua, uone ndani kuna nini."

Baba akafungua plagi zote mbili, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mashine. Zilikuwa nyeusi, zimelowa oili.

"Lete hapa," bibi akasema. "Haya ni masizi, sijui wewe unayaitaje."

Alizikwangua kwa kisu cha samaki, akazifuta kwa pindo la khanga, bila haraka, kama anajiandaa kupika ugali. Baba akazirudisha, mashine ikawaka. Tukaenda kidogo, kisha moshi uleule ukarudi na mtetemo wake.

"Jiko likinitolea moshi hivyo, napunguza kuni," bibi akasema. "Wewe umejaza nini humo?"

Baba alizima mashine, akachukua galoni ya petroli isiyochanganywa na oili, akaimimina kwenye tanki na kulitikisa, bibi akizikwangua plagi kwa mara ya pili. Ilipowaka tena iliunguruma kwa sauti moja, na moshi ulikuwa mwembamba kiasi cha kuiona ng'ambo.

Mama alipasuliwa Kiomboi siku hiyohiyo. Mdogo wangu alitoka akilia kwa hasira, na bado ana hasira zilezile.

Leo fundi wa mashine za boti ziwani pale ni mimi. Wananiletea zinazotetemeka na kufuka moshi, tayari wameshaamua kwamba kabureta imekufa au kuna mtu kawaroga. Nafungua plagi kwanza, natazama rangi yake, nauliza wamechanganyaje oili. Kazi nyingi huishia hapo. Vijana wananitania, wanauliza kama kweli naamini ziwa lina mwenyewe. Nawaambia ziwa halitaki masizi, wapunguze oili. Wanacheka, na wanapunguza. Bibi hakuwahi kuifahamu mashine, ila moto aliufahamu, na ziwa aliliheshimu. Kwangu hayo mawili yanatosha, na sijaona sababu ya kuyatenganisha.

Mama bado yu hai. Kila akipanda boti yangu hakai kwanza. Anageuka nyuma, anautazama moshi, akiridhika ndipo anakaa.