Maji ya Kulowekea Ndengu

Mwaka wangu wa nne wa kusomea biokemia, katika chuo cha umma karibu na Kwa Vonza, nilishindwa na ndengu. Mimi niliyezaliwa Ikutha, nikalishwa ndengu mpaka nikazichukia!

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa kuzichipusha, kuzisaga, na kuonyesha kwamba ndani yake mna kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Maabarani sote tulikiita enzaimu. Wenzangu walichagua mada nzito nzito. Mimi nilijiambia mcheza kwao hutuzwa, nikampigia mama simu, naye akanitumia mfuko mzima kutoka ghalani, ndengu zikiwa zimechanganywa na jivu kama kawaida ili wadudu wasizitoboe.

Kupima kwenyewe si kazi. Unachanganya wanga na maji ya ndengu zilizosagwa, kisha kila dakika unadondosha tone kwenye ayodini. Wanga ukiwapo, tone hugeuka buluu iliyokolea. Ukishavunjwa, ayodini hubaki na rangi yake ya strungi, chai isiyo na maziwa. Yangu ilikuwa buluu dakika ya kwanza na buluu dakika ya ishirini. Nikarudia mara tatu, buluu tu. Mhadhiri wangu, ambaye upole wake huumiza kuliko kelele, akasema Ijumaa ikipita bila matokeo nitabadilisha mada. Hapo ningekaa mwaka mwingine mzima huku wenzangu wakivaa majoho. Niliogopa sana.

Alhamisi asubuhi fundi wa maabara, mama mmoja wa Kibwezi, alisimama kando yangu akinitazama nikisaga.

"Na hiyo maji unaongeza hapo imetoka wapi?"

"Ni ile nililoweka nayo ndengu, madam."

"Si ungemwaga utumie ingine safi?"

"Nimwage na bado iko sawa?"

Nilimshangaa kweli. Kwetu maji yaliyochotwa mbali hayamwagwi eti kwa sababu yamelowekewa ndengu. Mama hupikia yayo hayo, na lile jivu lililobaki huzifanya ziive upesi. Nami nilisagia yayo hayo, bila hata kujua kwamba nimeamua jambo.

Alichovya karatasi nyekundu ya litmasi. Ikageuka buluu papo hapo.

"Umeona? Hii ni kama magadi! Enzaimu itafanya kazi aje hapo ndani?" Akacheka mpaka akashika meza. "Nyinyi watu wa Ikutha mtaniua. Sisi Kibwezi tuko na mto, tunamwaga."

Nilikuwa nimebakisha bakuli moja la ndengu zilizochipuka. Nikaziosha mara tatu, na kila nilipomwaga maji yale kwenye sinki moyo uliniuma, sitadanganya. Nikazisaga kwa maji safi, nikaanza kudondosha. Dakika ya tano buluu ilififia. Ya tisa, tone likakaa kwenye ayodini bila kugeuka chochote.

Nilipiga kelele. Nilimkumbatia yule mama, tukazunguka naye kati ya meza kama watu wa harusini, miwani yake ikaenda upande.

"Haya, nionyeshe vile umeandika," akasema akiirekebisha.

Daftari lilikuwa na dakika mbili za kwanza tu. Nilikuwa nimesahau kuandika. Nikapima upya tangu mwanzo, na sijawahi kurudia kazi kwa furaha namna ile.