Cherehani Zisizo na Sindano

Serikali ilipoamua kutuendeleza sisi vijana, ilituletea cherehani. Zilikuwa nzuri, sikatai: nyeusi, za kukanyaga kwa miguu, zimepangwa katika ukumbi mmoja Awindiri, Arua mjini. Sindano hatukupewa. Zilifungiwa ofisini, eti wasichana wa vijijini tungezivunja.

Mimi nilitoka Lurujo, upande wa Koboko. Tangu baba afariki, wajomba walikuwa wakinitafutia mume. Mama aliwaomba wasubiri. Nikirudi na ufundi, nijitegemee. Nikirudi mikono mitupu, wanioze.

Mwalimu wetu alikuwa koplo mstaafu. Cherehani aliiogopa. Alichokijua ni kwata, basi akatufundisha kwata. Asubuhi tuliimba sifa za mgeni mkubwa atakayekuja kufungua darasa. Mchana tulikanyaga cherehani tupu, sote pamoja, kwa mlio wa filimbi yake. Msimu mzima wa mvua ukaishia hapo.

Mgeni akafika, tumbo limemtangulia.

"Vijana iko nguvu ya nchi," alituambia. "Serikali napenda nyinyi sana."

Filimbi ikalia, tukakanyaga. Alipita akitazama magurudumu yanavyozunguka, akapiga makofi mpaka jasho likamtoka. Hakuona kwamba hapakuwa na uzi wala kitambaa. Au aliona, na hilo ndilo linalonichefua zaidi. Kisha wakubwa wakala mbuzi, na darasa likafungwa siku ile ile lilipofunguliwa. Sindano, uzi, na fundi mmoja anayejua kukata nguo: hayo tu yangetutosha. Lakini nani angeyapigia makofi?

Nyumbani Mama alinipokea kwa vigelegele. Alikuwa amewaita wajomba, wamekaa mkekani, na ameazima cherehani ya jirani, yenye sindano na uzi wake. Akatoa kitambaa cha maua alichokuwa amekificha kwa ajili ya sikukuu ya Idi.

"Mutoto yangu iko fundi sasa," aliwaambia. "Serikali ndio ilifundisha yeye. Angalieni."

Nikakaa, nikakanyaga. Miguu ilikwenda sawasawa kabisa. Uzi ukajisokota, kitambaa kikajikunja, sindano ikakatika.

Wajomba wakainuka mkekani, wakavaa viatu. Mama alikichukua kitambaa, akakinyoosha polepole juu ya goti lake, hakunitazama.

Niliolewa kabla ya Idi. Gauni lilikuwa la kitambaa kile kile, na alilishona fundi wa sokoni.