Kipande Kilichonata Ulimini

Kwa muda mrefu nimesimulia habari hii kana kwamba mimi nilikuwa mtazamaji tu. Mama aliamini, shangazi aliamini, na mimi msomi nilisimama kando na mashaka yangu. Si kweli. Niliamini kuliko wote, tena nikiwa na shahada ya biolojia.

Mimi na mama tulikuwa tunawinda kaa katika kijito kilicho chini ya shamba letu la zamani, kwenye njia ya kutoka Baraka kwenda Fizi. Mama anapenda kaa, nami nilikuwa nimekuja likizo kutoka Uvira, nikataka kuonyesha kwamba bado najua kugeuza jiwe bila kubanwa kidole. Sikupata kaa hata mmoja. Niliinua jiwe ukingoni, udongo ukaporomoka, vikatoka vipande vya rangi ya chai kali, vizito, vilivyopinda kama vigae vya chungu. Kimoja kilikuwa na mstari wa menomeno, kama mshono. Mstari ule niliujua. Niliuchora chuoni kwenye mtihani: ndipo mifupa ya fuvu la mtu inapoungana.

"Mama," nikasema. Hakuuliza nimeona nini.

Baba alikwenda kwenye shamba lile wakati wa vita, kuangalia mihogo yake, hakurudi. Katika ukoo wetu kilio hakimaliziki bila kitu cha kutia kaburini, hata kipande. Mpaka hapo mwanamke hanyolewi, na asiponyolewa si mjane wala si mke wa mtu. Mama alikaa hapo katikati tangu mimi nikiwa msichana.

Alivifunga vile vipande ndani ya kitenge chake, akavibeba mgongoni kama mtoto. Kikapu cha kaa tulikisahau kijitoni.

Shangazi, dada yake baba, alifika jioni ileile. Alivitandaza kwenye ungo, akanitazama.

"Haya, Madamu Biolojia. Sema. Ni mutu ao si mutu?"

"Mi sijui, shangazi."

"Hujui? Na ile masomo yote ya Kisangani, ulikuwa unasomea bei ya samaki ndagala?"

Nilijaribu. Nilivipanga na kuvipangua. Vilikataa kuwa kichwa. Vilitaka kuwa kitu kipana zaidi, nami nikavilazimisha. Vikigongana vililia kama sahani. Nilijua vizuri kabisa kwamba mfupa wa mtu haugeuki jiwe ndani ya maisha ya mtoto wake. Nilijua, lakini mama alikuwa amekaa mbele yangu, na mikono yake ilikuwa juu ya ungo.

Kisha nikakumbuka ujanja wa mhadhiri wetu mmoja: gusisha kipande ulimini, jiwe tupu litateleza, mfupa wa kale utanata. Nikaenda nyuma ya jiko, nikalamba. Kikanata.

"We!" Shangazi alikuwa mgongoni kwangu na beseni la vyombo. "Umelamba kaka yangu?"

Nilisema tu, "Ni mfupa," na neno hilo lilikimbia mbele yangu mpaka uani. Nilipolifuata, mama alikuwa analia, na shangazi alikuwa tayari anapanga nani atapika na nani ataletwa kutoka Mboko.

Nilituma picha kwa mwenzangu wa chuo ambaye siku hizi anafundisha Lubumbashi habari za mifupa ya kale. Alitaka vipande vipigwe picha juu, chini na ubavuni, na kijiti cha kiberiti pembeni ili aone ukubwa. Akajibu kwamba ananiulizia kwa wenzake, nisubiri. Nilimwambia shangazi tusubiri.

"Tusubiri nini? Wifi yangu amesubiri kuliko picha yako."

Kwa hiyo shimo lilichimbwa. Ndugu walikuja, bamama waliweka masufuria motoni, vipande vikalala ndani ya shuka jeupe. Mama alikaa kwenye mkeka, akafungua kitambaa cha kichwa mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Shangazi alimlowanisha upande mmoja kwa maji ya sabuni, akachukua wembe. Hapo simu yangu ikalia.

"Ni yule wa mifupa?" mama akauliza. "Weka sauti kubwa. Na mi nisikie."

Niliweka. Ningeweza kusema mtandao ni mbaya. Kwetu kila mtu angeamini.

"Hongera!" mwenzangu alisema kwa furaha. "Si mtu kabisa. Ni gamba la kobe wa majini, wa zamani mno, kabla ya watu kuwapo. Ile mishono ni ya gamba. Umeokota kitu adimu, dada!"



"Baba," mama akasema, akiinamia simu mkononi mwangu. "Kobe?"

"Ndiyo, mama. Kobe."

"Na ukiangalia tena?"

Nadhani hapo ndipo mwenzangu alipoelewa. "Nimeangalia tena, mama. Wenzangu pia."

Shangazi aliufunga wembe ndani ya karatasi yake. Povu lilikuwa linashuka kwenye sikio la mama.

"Aksanti, baba," mama akasema, akaanza kujifunga kitambaa juu ya nywele mbichi. Ncha moja ilimponyoka, akaitafuta nyuma ya shingo, ikamponyoka tena. Mimi nilikuwa bado nimeshika simu.