Akikata Ndio Aingie

Baba alikuwa fundi wa mbao Riruta Satellite, na sisi tulilelewa katika vyumba viwili nyuma ya karakana yake. Miaka saba ya mwisho ya maisha yake hakunisalimu kwa sababu ya nywele zangu. Hatukugombana. Laiti tungegombana, maana ugomvi huwa una siku ya kwisha.

Nywele zilianza nilipohamia Lindi, Kibera, nikapanga chumba cha mabati na kushika kazi ya kuchomelea mageti. Kazi yenyewe ilikuja ikitaka, ikaondoka ikitaka. Wenzangu walikuwa wakioa, wengine wakijenga huko kwao. Kwangu mimi kitu pekee kilichokuwa kikiongezeka ni nywele, basi nikaziacha ziongezeke. Zikawa dredi, zikafika mabegani, zikashuka mgongoni. Polisi walinisimamisha wakitaka kitambulisho, na akina mama walivuta watoto wao nilipopita kwenye vichochoro. Najua nitaonekana mjinga nikisema hivi, lakini nilijisikia mwanaume. Sikuwa na mke wala shamba, ila nikitembea watu walinipisha.

Baba aliziona zikiwa bado fupi, nilipoenda kuwasalimu Jumapili moja. Alikuwa amelaza ubao kwenye meza anapiga randa, na hakuinua macho.

"Mwanaume anasukwa?" akauliza.

"Hazijasukwa, Baba. Ni dredi tu."

"Ukikata, uje tukae tuongee. Kabla ya hapo sina la kukuambia."

Nilidhani yatapita. Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno, na mimi ni mtoto wake, huo ukaidi sikuuokota Lindi. Kila mwezi nilitembea hadi Kawangware 56 kwa dada mmoja wa saluni aliyekuwa akinitengenezea mizizi ya dredi, nikishinda pale mchana mzima kichwa changu kikiwa magotini kwake. Kutoka pale hadi kwa baba si mbali hata kidogo. Mama ndiye aliyekuja. Alikaa kwenye benchi la saluni na mfuko wake wa sukuma wiki, akaniambia nani kaolewa na nani kahama, na kuhusu nywele hakuwahi kusema neno lolote, zuri wala baya.

Siku moja alikuja bila mfuko. Baba alikuwa na ugonjwa wa figo tuliokuwa tumeuzoea, lakini sasa alikuwa amerudishwa kutoka hospitali, hapati usingizi, hali chakula. "Kama uko na kitu ya kumwambia, mwambie," mama akasema. Kisha akaamka akaenda, kwa sababu hakutaka kulia mbele ya wateja.

Sikungoja. Mlango wa pili kulikuwa na kinyozi tuliyejuana kwa macho. Nilipokaa kwenye kiti chake alizima redio.

"Buda, uko sure? Hizi ni za miaka mingapi?"

"Kata tu."

Alizikata moja moja kwa makasi, akiziweka mezani kwa adabu, na akaniuliza kama anaweza kuzihifadhi. Kuna watu hununua dredi za wengine wakaunganishiwa. Nikamwambia achukue. Hivi sasa kuna mtu Nairobi anatembea nazo, na sina habari naye. Baada ya hapo kichwa kilibaki mabaka: huku shina nene, kule ngozi tupu.

"Hii nikiiacha hivi itakaa vibaya," akasema kinyozi. "Wacha nipige kipara, zikuje upya."

"Sawa," nikasema. "Piga."

Neno hilo nimelirudia moyoni kuliko sala yoyote.

Nilitembea kwenda Satellite nikisikia upepo kichwani kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na nilikuwa na furaha, nakiri, furaha ya mtoto aliyefunga shule na ripoti nzuri. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyokaa kwenye stuli karibu na kitanda chake. Nilipanga hata nitakachosema. Nilitaka kumuuliza jinsi ya kuunga mbao bila msumari, jambo alilotaka kunifundisha nikiwa kijana nikakataa.

Mama alifungua mlango, akaniangalia kichwa, akaweka mkono mdomoni.

"Nani amekufa?"

Nilicheka. "Hakuna mtu amekufa, Mama. Nimekata. Nimekuja kumwonyesha Baba."

Alinivuta nyuma ya rundo la mbao kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwetu, magharibi mwa Kenya, mtu akishazikwa, wafiwa hunyolewa nywele zote. Kichwa kinachong'aa ndicho kinachokutambulisha kuwa mtoto wa marehemu. Nilijua hayo. Utotoni niliwaona wajomba zangu wakirudi mazishini na vichwa kama mayai. Lakini kwenye kiti cha kinyozi nilikumbuka jambo moja tu, kwamba baba alisema nikate. Sikufikiria kwamba mtoto anayeingia na kipara kwa baba mgonjwa ameingia kama mfiwa.

"Akikuona hivi atajua tumeshamlia," mama akanong'ona. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lao halikutaka mila hizo, lakini mbele ya kifo alikuwa mtu wa kwao kama wengine wote.

"Nitavaa kofia."

"Atasema utoe. Unamjua."

Nilimjua. Hakuna mwanaume aliyeketi nyumbani kwake na kofia. Tukiwa bado tunanong'onezana, sauti ikatoka ndani, nyembamba, nikashtuka kwamba ni yake.

"Nani huyo?"

"Ni kijana yako," mama akajibu.

"Yule wa nywele?"

Mama aligeuka akautazama ukuta.

"Mwambie akikata ndio aingie."

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nimekata, na angelisikia, maana ukuta ule ni wa mabati. Mama alinishika kifundo cha mkono, machozi yanamtiririka, akitikisa kichwa. Kwa sababu nikisema nimekata, baba ataniita nije anione. Nikafunga kinywa. Sijui hata leo kama nilimtii mama au niliogopa. Nilirudi Lindi kwa miguu.

"Ngoja ziote kidogo," mama alikuwa ameniambia. Basi nikangoja. Kila asubuhi nilipapasa kichwa kabla ya kuamka. Nilimpigia simu mama, akasema bado zinaonekana kama za msiba, ningoje Jumapili. Jumapili ilipofika akasema ningoje nyingine. Baba alifariki Ijumaa.

Alikufa akijua mimi ni yule yule mkaidi. Nimejaribu kuliangalia jambo hili kwa upande mwingine, na sijauona upande huo.

Tulimzika nyumbani kwetu, magharibi. Habari ya kipara changu ilikuwa imetangulia, maana Satellite imejaa watu wa kwetu na nilikuwa nimepita katikati yao mchana nikitabasamu. Siku ya tatu tulikaa nyuma ya nyumba, mama na sisi watoto wake, na shangazi, dada yake baba, akaja na wembe na karai la maji. Alimnyoa mama. Akamnyoa kaka yangu mkubwa. Mimi ndiye niliyefuata kuzaliwa, kwa hiyo niliinamisha kichwa. Nywele zilikuwa zimefika urefu wa kushikika. Nilisikia wembe ukisuuzwa majini, halafu nikaona miguu yake ikinipita.

"Shangazi, bado mimi."

"Wewe ulishamlia akiwa hai," akasema. Hakuwa na hasira. Akamwinamia mdogo wangu na kumpaka maji.

Nilimtazama mama. Alikuwa akiangalia nyasi.

Alasiri walifika wazee kutoka mbali waliokosa mazishi. Hawakutufahamu, wakawa wanawatambua wafiwa kwa vichwa. Waliwashika ndugu zangu mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, wakawapa pole ya baba yao. Walipofika kwangu walinipa mkono mmoja, wakanishukuru kwa kuja, wakaniuliza nimetoka wapi.

Nikawaambia nimetoka Nairobi.