Chupa Aliyoleta Wekesa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa bado msichana, wageni wa posa walipokuja kwetu Makongeni. Baba, aliyekuwa fundi wa reli, alivaa suti yake ya Krismasi. Mama alishinda jikoni. Mimi nilikuwa na hofu moja tu: kaka yangu Wekesa.

Wekesa alikuwa seremala katika soko la Gikomba, fundi kweli, lakini pombe ilikuwa imemharibia jina. Aliwahi kuanguka kanisani watu wakimtazama. Wakati ule alikuwa akituambia ameacha, yapata miezi minane. Sikumwamini.

Basi nikamwona anaingia langoni, shati limepigwa pasi, mkononi chupa yenye karatasi ya dhahabu shingoni. Nikamkimbilia kabla wageni hawajamwona.

"Wekesa, hata leo?"

"Dada, ngoja kwanza usome..."

"Nisome nini na chupa naiona? Nenda zako, usiniaibishe mbele ya wakwe!"

Hakubisha, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Aliiweka chupa chini taratibu kando ya ukuta, akasema, "Mungu akubariki, dada," akaenda.

Jioni, wageni walipoondoka, Mama aliiokota akaisoma. Ilikuwa divai ya mapovu isiyo na kileo.

"Aliniuliza mtu aliyeacha pombe anaweza kunywa nini siku ya furaha ya dada yake," Mama akasema. "Kumbe alitafuta mpaka akapata."

Tuliifungua, kizibo kikagonga dari. Tukagawana katika vikombe vya chai. Ilikuwa na utamu kidogo na uchachu kidogo, kama zabibu ambazo hazijaiva sawasawa, mapovu yakinitekenya puani. Ilikuwa nzuri, mwanangu. Nilimeza nikilia.

Baba alimaliza kikombe chake, akanitazama. "Umemhukumu ndugu yako kwa shingo ya chupa," akasema.

Kesho yake baada ya ibada nilikwenda Mathare, kwenye chumba chake. Jirani akaniambia ameondoka alfajiri na mafundi wenzake kwenda kazi ya ujenzi Juba, ng'ambo ya mpaka. Kumbe alikuja pia kutuaga.

Aliandika barua mbili. Katika ya pili alisema, "Nilikusamehe pale pale langoni." Kisha barua zikakatika. Tuliulizia kwa kila aliyerudi kutoka huko, hatukupata habari yoyote.

Siku hizi chupa kama ile zimejaa madukani hapa Donholm. Huwa nanunua moja siku za furaha. Naimimina polepole, naacha mapovu yatulie mdomoni kabla sijameza, na kwa muda huo namwona kabisa, na lile shati lake la pasi. Watu wa nyumbani hudhani nafurahia kinywaji tu. Nakifurahia, ndiyo. Lakini ningetoa chochote nimmiminie yeye glasi moja, nikae nimtazame akinywa.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu: mtu wako akikuambia amebadilika, mwache amalize kusema. Mkaribishe ndani, aketi, usikie alichokuja nacho. Aibu mbele ya wageni huisha wageni wakiondoka. Na kama kuna uliyemfukuza, mtafute leo, ungali unajua anakoishi.

Mungu akupe sikio la subira, akulindie ndugu zako popote walipo, na uwaone tena kwa macho yako. Amina.