Baiskeli Iliyojivua Rangi

Niliikuna kwa ukucha tu. Rangi nyeusi ikabanduka kama gamba la nyoka.

Chini yake kulikuwa na pinki.

Ndiyo, pinki! Baiskeli ya enzi za wazee wetu, breki za fimbo, tandiko la springi, kumbe ndani ni pinki ya kitoto.

Na mimi ni mpaka rangi. Kazi yangu tangu ujana. Cheka kwanza, halafu nikuhadithie nilivyofika hapo.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Hospitalini dawa hakuna, wakubwa wako semina. Hilo niliache, nisije nikatukana bure.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yangu, kuna fundi cherehani. Shati limenyooka, tabasamu halimtoki, na ana baiskeli nyeusi ya zamani anayoifuta kila asubuhi kama anaogesha mtoto. Watu wanasimama kuipiga picha.

Sasa sikia. Marehemu alikuwa anapenda kuniambia, tena huku anakunja nguo, wala haniangalii: "Kabla hujanioa, fundi alikuwa ananipakia kwenye ile keria. Ukikaa pale, hata shimo hulisikii."

Keria ile ilinikaa kooni miaka yote.

Mke kafa, wivu haukufa. Kila fundi akipita namwona mke wangu pale nyuma, miguu upande, kamshika mtu kiuno. Mtu mwenyewe si mimi.

Nikaapa: nitanunua ya kwangu, nzuri kuliko yake, niipitishe dukani kwake taratiiibu.

Dada yangu akanionesha mnada wa mtandaoni. Watu wanaweka vitu vya kale, mnashindana kupandisha dau, wa mwisho anabeba. Baiskeli ilikuwepo. Nyeusi tii, taa, kengele. Picha zote zimepigwa kwa mbali. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nilikuwa na wivu.

Nikaweka dau.

Papo hapo mtu anajiita Mwendo Pole akanipita.

Nikapandisha. Akanipita tena.

Nikachungulia dirishani. Fundi kainamia simu, anabonyeza!

"Ahaa! Kwa mke ulinitangulia, sasa na baiskeli?"

"Kaka, achana nacho, chuma chakavu hicho," dada akasema.

"Wewe humjui huyu mtu."

"Na wewe unamjuaje? Hapa pameandikwa Mwendo Pole tu."

"Huoni anavyobonyeza?"

Dada akanitazama kama mgonjwa, akaenda zake.

Nikauza ngazi. Mpaka rangi kuuza ngazi ni sawa na mpishi kuuza sufuria, lakini sikujali. Nikapandisha dau la kufa mtu. Mwendo Pole akanyamaza.

Nilicheza mwenyewe sebuleni, na fulana yenye madoa.

Muuzaji akataka hela yote kwanza, mzigo baadaye. Nikalipa. Ukaja umefungwa nailoni kama maiti. Nikaufungua, usukani unacheza, pedali moja ndefu moja fupi. Ndipo nikakuna.

Nikapiga simu, haipokelewi. Nikamwandikia kule kule mnadani: "Rudisha hela yangu, mwizi wewe."

Nikakimbilia kituoni.

Polisi nako wakaniuliza, "Mzee, ulilazimishwa?" Mkuu wa kituo hakuinua hata macho kwenye kikombe chake. Hawa mtandao wanaukagua pale wanaposemwa wao. Mnyonge akipigwa, mtandao unakuwa mkubwa sana, haukaguliki.

Hasira zote nikazivusha ng'ambo ya barabara.

"Umeniua! Dau lote lile umelipandisha wewe!"

Fundi akatoa pini mdomoni. "Dau gani, shemeji?"

"Usiniite shemeji! Nimekuona kwa macho yangu unabonyeza simu!"

Akaitoa mfukoni. Kitochi! Cha vitufe, kimefungwa mpira kisiachane.

"Napigia hesabu za vitambaa. Hii ikiingia mtandaoni, na pasi yangu itaingia."

Simu yangu ikalia. Jibu kutoka mnadani: "Mzee, mali ikishatoka hairudi. Tulia."

Nikaangalia jina la aliyeandika.

Mwendo Pole.

Nikasoma tena, polepole. Muuzaji ndiye alikuwa ananipandishia dau, kwa jina la pili. Sasa kajisahau, kanijibu kwa jina lile lile. Nilikuwa nashindana na mwenye mali!

Nikamwonesha fundi. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Cheka," nikamwambia. "Lakini mke wangu ulimpakia."

Kicheko kikakatika.

"Shemeji, baiskeli hii nimeinunua nyie mmeshaoana zamani. Sijampakia mkeo hata siku moja."

"Kanisimulia mwenyewe!"

"Najua. Alikuja hapa akaniomba, 'Kaka, akikuuliza usikatae, we cheka tu.' Nikamuuliza, kwa nini unamtesa mwenzio? Akasema, siku ukishikwa na wivu, ukitoka kazini hupitii vilabuni. Unarudi moja kwa moja nyumbani, unakaa karibu naye."

Nikageuka, nikautazama mlango wangu ng'ambo ya barabara.

Ni kweli. Nilikuwa narudi mbio, mikono ina rangi. Namkuta mlangoni anatabasamu. Nilidhani anamtabasamia mwingine.

Ndugu msomaji, mnadani mtandaoni usiingie na wivu, wale jamaa wanaunusa. Mali ione, ishike, ikune, ndipo ulipe. Usingoje wakubwa wakulinde. Mwendo Pole bado yupo, jana kaweka redio ya zamani.

Na mkeo akikutania na mwanaume wa jirani, usikimbilie kununua kitu.

Kimbilia nyumbani.