Mama Mkwe Alivyoninolea Viatu

Mimi ni mshambuliaji wa hoki ya barafuni. Wa kulipwa, si wa kujifurahisha Jumamosi. Na kabla hujaniuliza kama wanavyoniuliza Waswahili wenzangu wote wa Birmingham: ndiyo, ni kazi, hapana, si ule mchezo wa kuzungukazunguka na gauni linalometameta, na ndiyo, baridi naisikia kama unavyoisikia wewe.

Kila harusi, kila hitima, kila futari ya kule Ladywood, lazima atokee mzee mmoja anishike bega. "Kijana, bado unateleza tu?" Ukumbi mzima unacheka. Kisha anainama sikioni, kwa huruma kabisa: "Na kazi je, umepata?" Jamani! Nimeyavumilia haya tangu nikiwa na nywele kichwani. Nilitoka Dar nikiwa darasa la tano. Siku moja shule ikatupeleka uwanja wa barafu, wenzangu wakashikilia ukuta, mimi nikauachia. Ndivyo nilivyoanza. Tangu hapo nimevunjwa pua, meno mawili ya mbele ni ya kubandika, na nimechezea timu za miji ambayo hata Waingereza wenyewe hawajui iko wapi. Kila msimu mkataba mpya, na kila kiangazi nabeba maboksi ghalani nikisubiri kocha apige simu.

Mshambuliaji hakai uwanjani muda mrefu. Unaruka ukuta, unakimbia kama umeiba, dakika haijaisha unarudi benchi unahema na wenzako wanaingia. Kazi yako ni kukifikia kile kidude cheusi tunachokigombania kabla jitu la upande wa pili halijakufikia wewe. Kwa hiyo kila kitu ni miguu, na miguu ni chuma kilichoko chini ya kiatu. Watu wanadhani chuma kile ni kisu. Si kisu. Katikati kina mfereji mwembamba, toka mbele mpaka nyuma, na huku na huku mwa mfereji kuna kingo mbili. Hizo ndizo zinazong'ata barafu. Ukiziua hizo, hata uwe bingwa, unakuwa ng'ombe kwenye vigae.

Basi msimu uliopita mama mkwe akaja kutoka Tanga kukaa nasi Bordesley Green. Nyumba yetu ni katika zile za kushikana ukuta na jirani, ukikohoa anakuambia pole. Mke wangu ni nesi, zamu zake hazieleweki, kwa hiyo mama alikuja kutushikia nyumba. Alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, imeviringishwa kwenye kanga ndani ya sanduku, pamoja na tupa ya kunolea meno yake. Watu wa uwanja wa ndege walimpitishaje mimi sijui mpaka leo. "Nazi zenu za kopo ni maji ya chokaa," alisema, na hakuna aliyembishia.

Mama yule hawezi kuona chuma butu akalala. Kwake kisu butu ni aibu ya nyumba nzima. Mgeni akikuta nyama inasagwa badala ya kukatwa, atakwenda kusema nini huko? Wiki haikuisha, kila kisu cha jikoni kilikuwa kinakata unywele, na mkasi, na jembe la jirani Mpakistani. Jirani akaleta sahani ya biriani kushukuru. Mama akaona nchi hii kumbe ina watu.

Na mkwe ni mkwe. Kwetu mama mkwe hapandishiwi sauti, hakatizwi, hatazamwi kwa uso uliokunjwa. Nashuka ngazi asubuhi: "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Umeamkaje? Goti je?" "Halijambo, mama." Basi. Na huyu anayejibu kwa adabu hivyo ndiye ambaye kwenye ligi anajulikana kwa mdomo mchafu. Nimefungiwa kwenye kizimba cha adhabu mara nyingi mpaka mzee anayefungua mlango wa kizimba ananiuliza habari za familia.

Kabla ya mechi yetu ya mwisho ya nyumbani, kocha aliniita ofisini. Nilikuwa nimeshapita thelathini na tatu, na kwa mshambuliaji huo ni uzee wa kuanza kuitwa babu. Akaniambia nafasi ya mwakani imebaki moja. Kuna Mkanada anaitaka, na mimi naitaka. "Jumapili nionyeshe kwamba miguu bado ipo," akasema, akarudia kuangalia simu yake. Maisha yangu yote yakaja kuning'inia kwenye Jumapili moja.

Nilimsimulia mke wangu jikoni. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi yake, anakuna nazi. Akaacha kukuna, akasikiliza, akaendelea. Lau ningejua kimya kile kilikuwa kinapanga nini, ningelala nimelikumbatia begi langu la vifaa.

Jumapili mama akasema anakuja. Hakuwahi kuja. Alivaa makoti mawili, akabeba blanketi, chupa ya chai na vitumbua vya kuwagawia majirani wa kiti, akapanda jukwaani na binti yake. Mimi nikavaa, nikasali kimoyomoyo, nikaingia uwanjani kupasha mwili. Mguu wa kwanza ukaenda kushoto. Wa pili ukaenda Tanga. Nikakaa kitako mbele ya mashabiki, na wakashangilia, maana walidhani nawachekesha.

Nikajaribu tena, chini. Nikajivuta kwa mikono mpaka ukutani, nikageuza kiatu. Loo! Chuma kilikuwa kinang'aa. Kizuri, wallahi, kimesuguliwa na mkono wa mtu anayejua kazi yake. Na zile kingo mbili zilikuwa zimelainishwa, laini kama mdomo wa kikombe. Nikakimbilia vyumba vya kubadilishia nguo kutafuta vyuma vya akiba chini ya begi. Navyo vilikuwa vinang'aa. Hakubakisha.

Bado nilikuwa sijaelewa. Nilirudi mlangoni, nikainua macho jukwaani, na kule juu mama mkwe akasimama na makoti yake. Akanyoosha mkono kuelekea kwangu, akaufanya mbele nyuma, mbele nyuma, kama anayepitisha tupa. Anatabasamu mpaka jino la mwisho. Hapo ndipo nilipoelewa.

Fundi wetu wa vifaa alivigeuza vile vyuma, akaniuliza nani kafanya unyama huu. Nikamwambia ni mama mkwe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona uso wangu, akawasha mashine. Kingo zilikuwa zimekwenda kiasi kwamba ilibidi avisage taratibu, apoze, asage tena. Kipindi cha kwanza chote nilikaa kwenye korido na soksi, mshambuliaji mzima na kofia yangu kichwani, nasikiliza watu wakipiga kelele upande wa pili wa ukuta. Mkanada alikuwa majaribioni kwetu mwisho wa wiki ule. Kelele kubwa kuliko zote ilikuwa ya bao lake.

Nikaingia kipindi cha pili. Vyuma vilishika, lakini si kama vyangu. Kila nikikata kona mguu wa kulia unachelewa. Sikufunga. Sikupasia mtu akafunga. Nilipata adhabu moja, kwa hasira tupu, na yule mzee wa kizimba akaniuliza kama nyumbani ni salama.

"Mbona mwanzo hukucheza?" mama akaniuliza kwenye gari.

"Kocha alikuwa ananipumzisha, mama."

"Ana akili. Lakini ulipoingia nimekuona! Siku zote ulikuwa unachezea vyuma vibovu, baba. Vina mtaro katikati, vimelika, na wewe unanyamaza. Mtu na riziki yake anaichezea hivyo?"

"Ahsante, mama," nikasema.

Tulipofika nilijifungia bafuni, nikafungulia maji, nikauma taulo. Nilikuwa na hasira ya kuvunja kitu, na hakukuwa na cha kuvunja kisichokuwa cha mke wangu. Yeye akagonga, akaingia, akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

"Usimwambie," akasema. "Mama yangu namjua. Ukimwambia, atalibeba mpaka kaburini."

"Na mimi nilibebe mpaka wapi?"

"Wewe mabega unayo." Akanifuta uso kwa lile lile taulo. Nilitaka kumgombeza na yeye, nikashindwa, kwa sababu alikuwa analia.

Kocha hakuzunguka. Mtu wa umri wangu, alisema, hafiki siku kama ile na vyuma ambavyo hajavikagua; maana yake moyo umeshatoka. Nafasi kampa Mkanada. Nikamweleza habari yote: Tanga, nazi, tupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema amesikia visingizio vingi maishani lakini hiki atakisimulia. Akanipa mkono. Hivi kweli, nani anakagua kama mkwewe kapitisha tupa kwenye riziki yake? Nilitoka pale nimejaa matusi ya lugha mbili, na hata moja halikupata pa kutokea.

Nikapigia timu nyingine. Wengi hawakupokea. Moja ya kaskazini ikasema njoo ufanye mazoezi nasi Jumatatu, tutakuangalia, hatuahidi. Nikampigia fundi, akaninolea upya jozi zote mbili, ya viatuni na ya akiba, kwa makali yangu mwenyewe, safi kabisa. Begi nikaliweka chini ya ngazi. Nyumbani sikusema kitu zaidi ya kwamba timu imeniacha, na kwamba nitatafuta. Mama alishika shavu. "Kuteleza si kuanguka, baba," akaniambia. Nikamwitikia, ndiyo mama.

Siku ya kuondoka kwake ilikuwa Jumapili, kesho yake ndiyo Jumatatu yangu. Teksi ilikuwa inangoja nje, mke wangu keshaingiza masanduku, anamsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Mama akasimama mlangoni, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu, kaniombea miguu yangu mmoja mmoja. Dereva akapiga honi. Nami, baada ya majuma yale yote ya kumeza, nikasikia kifua kinalegea. Nikamwambia nitamkumbuka, na nilikuwa nasema kweli.

"Nimekuachia zawadi kwenye begi lako," akasema. "Usifungue mpaka niondoke."

Nilisimama mlangoni mpaka teksi ikakata kona. Nilikuwa nimeshajua. Nikaenda chini ya ngazi nikavuta zipu. Juu kabisa, ndani ya kanga yake ya safari, zilikuwa jozi zote mbili za vyuma. Safari hii hakuishia kwenye kingo. Alikuwa ameufuatilia ule mfereji wenyewe, sijui kwa siku ngapi nikiwa ghalani, mpaka akaumaliza. Chuma kilikuwa bapa, kinang'aa, naona kipara changu ndani yake. Na ile tupa alikuwa ameilaza pembeni, ameniachia.

Nikakaa kwenye ngazi. Nilipiga kelele, peke yangu, ndani ya nyumba tupu, matusi yote niliyokuwa nadaiwa, mpaka jirani akagonga ukuta. Jumapili isiyo na mechi fundi hafanyi kazi, maduka ya vyuma vile yamefungwa, na kaskazini natakiwa alfajiri. Nikaipiga tupa teke ikaenda mpaka jikoni.

Simu ikaita. Alikuwa mke wangu, kutoka uwanja wa ndege, na nyuma yake namsikia mama anamhimiza.

"Anakaribia kuingia ndani," akasema. "Hataki kwenda mpaka ajue. Anauliza, umeiona zawadi?"

Nilivitazama vile vyuma.

"Mwambie nimeiona," nikasema. "Mwambie vinakata."